Fundi wa Rumonge anayekusanya mikono ya wavuvi

Saa tatu asubuhi, Biasha Athumani amejikunja chini ya meza ya karakana yake. Kinachoonekana ni miguu tu.

"Kama umekuja kwa redio, subiri," anasema akiwa huko huko chini. "Kama umekuja kwa simu, subiri vilevile. Leo niko na mugeni."

Anatoka na waya mkononi na vumbi kwenye mtandio. Anauchomeka waya huo kwenye kompyuta iliyopasuka pembe moja, na taa nyeupe iliyoning'inia ukutani inaanza kuwaka na kuzima yenyewe. Kwenye kioo cha kompyuta majina yanapita moja baada ya jingine, la mtu kisha la pwani yake. Hakimu, Gatete. Jephté, Minago. Mzee wa Kofia, Gitaza.

Kila jina ni mkono wa mvuvi. Taa inawaka na kuzima jinsi mkono huo ulivyowahi kuiwasha na kuizima ziwani.

"Huyu ana haraka," anasema Biasha, macho kwenye taa. "Huyu naye anabonyeza kama anaogopa kuvunja kifungo. Nawajua wote kwa vidole. Wengine hata sura zao sijawahi kuziona."

Ana mikono mia mbili na kumi na miwili. Mmoja anaoutaka kuliko yote haumo, na mwenye mkono huo ametuma ujumbe jana kwamba atakuja leo. Tangu alfajiri Biasha amefagia karakana mara mbili. Aristide, mwenzake anayechomea bodi kwenye meza ya pili, hajaacha kumchokoza.

"Shefu, ukifagia tena tutafika kwenye udongo wa wakati wa Wabelgiji."

Biasha hacheki. Kwa kawaida hucheka upesi, wateja wake wanasema hivyo.

Wiki hii mwezi ni mkubwa. Ndagala, dagaa wa ziwa hili, hufuata mwanga, na angani kukiwa na taa inayoshinda zote, hakuna mvuvi wa Ziwa Tanganyika anayejisumbua kushindana nayo. Ekipe, yaani mitumbwi iliyofungwa pamoja kwa miti, zimevutwa mchangani kuanzia Rumonge mjini hadi Minago. Nyavu zinashonwa. Taa zinapelekwa kwa mafundi.

Zamani siku kama hizi karakana hii ya mtaa wa Waswahili, hatua chache kutoka sokoni, ilikuwa haipitiki. Taa zilipangwa mpaka barazani. Leo kuna redio tatu, feni moja na rundo la chaja za simu. Ni mwezi wa kumi na moja sasa tangu taa ya mvuvi ilipoingia hapa mara ya mwisho.

Siku njema karakana inaingiza faranga elfu thelathini, anazogawana na Aristide. Siku mbaya wanagawana chai.

Biasha ana miaka thelathini na sita. Baba yake, mzee Athumani, alikuwa fundi wa karabai mjini hapa, na binti alikua ndani ya harufu ya mafuta ya taa. Akasomea umeme mdogo katika shule ya ufundi Bujumbura, akarudi, na mafuta yalipoanza kuwa ya kutafuta kwa tochi, akawa miongoni mwa wa kwanza kuwatengenezea wavuvi wa hapa taa za batri.

Lakini kilichompa jina ni kiboksi. Ni kidogo, kama kipande cha sabuni, chenye kifungo kimoja. Kifungo hicho kinawasha taa zote za ekipe. Ndani yake mna chipu ndogo kuliko ukucha, na ndani ya chipu hiyo mna msimbo, yaani maagizo yanayoiambia taa iwake lini, ipunguze mwanga lini, iilinde batri namna gani. Miaka sita Biasha aliandika maagizo hayo kwa mkono wake, mstari kwa mstari.

"Kode yangu ilikuwa mbaya," anakiri. "Naandika leo, kesho nairudia, kesho kutwa inanitukana. Kwa hiyo nilikuwa naikagua kila siku. Sikuwa naiamini."

Kiboksi kilikubalika. Mwanzoni mwa mwaka jana vilikuwa sitini na vinne ziwani. Na saba kati ya hivyo vilikuwa kwenye ekipe za mtu mmoja, Lukeba, Mbembe kwa kabila, aliyevuka ziwa kutoka upande wa Fizi akiwa kijana na kukaa Minago mpaka leo. Wavuvi wa pwani hii humtazama Lukeba kabla ya kununua kitu. Akinunua, wananunua. Akirudisha, wanarudisha.

Ndiye mgeni anayesubiriwa.

Kilichotokea kilianza na jambo dogo. Vifungo vilikuwa vinaharibika mapema na kuzichezesha taa hovyo, na wateja walilalamika. Biasha alikuwa na kazi nyingi, akafanya kama wafanyavyo wenzake wa Bujumbura na kwingineko duniani. Aliiuliza akili mnemba, ile ambayo huku wanaiita kwa Kifaransa, IA. Aliieleza kiboksi chake, akaiomba iandike maagizo ya kuzilinda taa.

"Dakika mbili," anasema. "Mimi ningechukua wiki mbili. Na ilikuwa safi! Kila kitu kiko mahali pake, maelezo ya Kifaransa kila mstari, Kifaransa kuliko cha mwalimu wangu. Nikaiheshimu kama mugeni aliyevaa suti. Mutu akivaa suti humuulizi kama amenawa."

Katika msimbo huo kulikuwa na kifungu kimoja cha mistari tisa. Maelezo yake yalisema kwamba kinazilinda taa dhidi ya mibonyezo isiyo na maana. Kifungo kikibonyezwa mara nyingi kwa haraka, kiboksi kilizima taa zote kwa dakika moja ili zipumzike. Na kikibonyezwa tena ndani ya dakika hiyo, dakika ilianza upya.

Biasha alikisoma kifungu hicho. Akakielewa. Akaona kina akili. Akakijaribu mezani pake, akibonyeza kwa kidole kimoja kikavu, ameketi kwenye kiti, na kikafanya kazi kama kilivyoandikwa. Akakiweka kwenye viboksi vyote sitini na vinne.

Jambo ambalo hakulijua, kila mvuvi wa Minago alilijua tangu utotoni. Ekipe ikipata shida ziwani, mtu mmoja hupepesa taa. Wakati wa karabai walikuwa wakiifunika kwa beseni na kuifunua, haraka haraka, mpaka wenzao waone na kuja. Kilipokuja kiboksi, beseni likaachwa nyumbani na watu wakapepesa kwa kifungo. Hakuna aliyemwambia fundi, maana nani humweleza mtu jambo ambalo kila mtu analijua?

Naye hakuwa na njia ya kuliona. Kwa desturi ya ekipe nyingi za hapa, mwanamke hapandi. Anasubiri mchangani na beseni la kuanikia. Biasha alitengeneza taa za wavuvi kwa miaka bila kuuona hata mara moja mkono wa mvuvi ukiwa juu ya kifungo chake, gizani, maji yakiruka.

Mwezi wa tatu mwaka jana, upepo ulishuka milimani pamoja na mvua na kuikuta ekipe moja ya Lukeba mbali na pwani ya Minago. Walikuwa watu wanne. Mti uliounganisha mitumbwi ulivunjika. Watatu waliokolewa kulipokucha, wameshikilia vipande. Wa nne, Bienfait, mdogo wake Lukeba, aliyekuwa na kazi ya taa, alipatikana siku ya tatu karibu na Gitaza. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, mke na watoto wawili.

Kila mtu alisema ni upepo, na upepo ulikuwepo kweli.

Wiki moja baadaye kiboksi cha ekipe ile kilifika karakana ndani ya mfuko wa mchele, kama chuma chakavu. Aristide alikikausha. Biasha alikiunga kwenye kompyuta kuangalia kama chipu imepona, na chipu ilikuwa imepona. Kifungu kile kilikuwa na tabia ya kuweka hesabu ya mibonyezo kiliyoikataa.

Hesabu ilikuwa arobaini na moja.

"Nilikaa," anasema Biasha. Aristide anazima chuma chake cha kuchomea. "Mara arobaini na moja. Alikuwa anaita watu. Kila akiita, kiboksi kinasema ngoja dakika moja. Akiita tena, kinaanza kuhesabu upya. Kadiri alivyoogopa ndivyo giza lilivyozidi. Na mimi ndiye niliyekiweka pale."

Siku tisa hakumwambia mtu isipokuwa Aristide. Aristide naye hafichi alichomjibu.

"Nilimwambia, shefu, upepo ndio umeua, hiki tukitupe ziwani," anasema. "Leo nasikia haya. Lakini nilisema, na nilikuwa namaanisha. Nani angejua?"

Hakuna ambaye angejua. Hilo ndilo lililomlaza macho Biasha siku zote tisa. Hakukuwa na uchunguzi, wala aliyekuwa na vifaa vya kuisoma chipu ile katika mji mzima ila yeye. Angeweza kusahihisha mistari tisa, kubadilisha viboksi vyote kimya kimya, na kuendelea kuitwa fundi mzuri.

Siku ya kumi alipanda pikipiki hadi Minago.

Aliwakuta Lukeba na Rachelle, mjane wa Bienfait, uani. Alieleza yote, kuanzia IA hadi namba. Lukeba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Angeacha kuminya, ingewaka?"

Biasha akajibu ndiyo. Angeacha dakika moja, ingewaka.

Lukeba akainuka, akaingia ndani, hakutoka tena. Rachelle alibaki ameketi. Baada ya muda akaenda kwenye mtungi, akachota kikombe cha maji, akampa mgeni.

"Nikakipokea," anakumbuka Biasha. "Nikanywa. Sikujua kama niko na haki ya kunywa, lakini nikanywa."

Kesho yake viboksi sita vya ekipe nyingine za Lukeba vilirudi Rumonge juu ya baiskeli. Ndani ya wiki vikarudi vyote vilivyobaki, vingine vimeng'olewa na waya zake. Wavuvi wakarudi kwenye karabai, au kwenye taa za kichina zisizo na kiboksi chochote.

Watu wengi wangefunga duka. Biasha alifuta msimbo wote na kukaa na kompyuta tupu. Alitaka kujua jambo moja kabla ya kuandika tena mstari wowote. Watu hawa wanashikaje taa?

Kwa kuwa hakuweza kuifuata mikono ziwani, alitafuta namna ya kuileta mikono mezani. Alitengeneza kiboksi kingine kisichowasha kitu. Kina kifungo na kumbukumbu, basi. Kinaandika kimebonyezwa lini, kwa muda gani, kwa nguvu kiasi gani. Aliwaomba wavuvi wakifunge kando ya taa zao na kukibonyeza kila wanapoigusa taa ya kweli.

Wengi walimfukuza, na wengine walimtania kwamba sasa anataka kuwasoma viganja kama mpiga ramli. Wa kwanza kukubali alikuwa Hakimu wa Gatete, kwa sababu mke wake alimlazimisha.

Ziwa lilipofungwa kwa ile miezi mitatu ya kuwaacha samaki wazaliane, wavuvi walikuwa nchi kavu bila kazi, na ndipo Biasha alipovuna. Aliwakalisha ndani ya mitumbwi iliyovutwa mchangani, viganja vimepakwa mafuta ya mawese au maji ya samaki, Aristide akiwamwagia ndoo za maji usoni huku akipiga kelele kama dhoruba.

"Kuna mzee alinipiga kofi," anasema Aristide. "Tuliliandika na kofi lenyewe. Limo kwenye orodha."

Kutokana na mikono hiyo Biasha amejenga chombo chake, programu aliyoiita Mikono. Kazi yake inaelezeka kwa maneno machache. Ukiwa na msimbo wowote unaotaka kuuweka ndani ya kiboksi, uwe umeuandika wewe, jirani yako au akili mnemba, unauweka kwanza kwenye chipu ya majaribio iliyo mezani. Mikono inaubonyeza kama wavuvi mia mbili na kumi na wawili. Kidole gumba chenye maji. Kiwiko, kwa sababu mikono yote miwili imeshika wavu. Ncha ya kasia. Kofi la mzee. Na inaitazama taa. Taa ikizima pale ambapo mtu hakutaka izime, mstari mwekundu unatokea, na chombo kinakataa kabisa kuupitisha msimbo huo. Hata Biasha mwenyewe hana njia ya kukilazimisha. Amejinyima makusudi.

Vijana wa Bujumbura wanaotengeneza mita za maji na vifaa vya kumwagilia wamesikia habari zake na kumwomba chombo hicho. Amewapa bure, kwa sharti kwamba wakusanye mikono yao wenyewe.

Na IA bado anaitumia. Jambo hili linawashangaza watu, na wengine linawakera.

"Wananiuliza, si ndiyo iliua? Mimi nawaambia hapana. Niliiuliza nifanye nini taa isiharibike, ikanijibu vizuri sana. Haikunidanganya. Niliiuliza habari ya taa, sikuiuliza habari ya mutu. Na hata ningeiuliza, ingejuaje Minago? Mimi mwenyewe nimezaliwa hapa na sikujua. Kuandika, inaniandikia vizuri kunishinda. Lakini haijawahi kulowa."

Anaitazama taa ukutani, ambayo sasa inapepesa kwa mkono wa mtu wa Gitaza.

"Zamani mutu akiandika kode mbaya, ilikuwa inaonekana mbaya. Sasa mbaya na nzuri zinavaa nguo moja. Macho yangu hayatoshi tena. Nataka kitu chenye kuuliza kwa niaba ya mwenye kulowa."

Saa tano kasoro, mlango unapata kivuli. Lukeba ni mfupi, mpana wa mabega, na amevaa shati jeupe lililopigwa pasi kama la siku ya ibada. Anavua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia.

"Amahoro, Mama Fahima," anasema. Fahima ni binti wa Biasha.

"Amahoro, Papa Lukeba. Karibu."

Anapewa kiti. Hakai. Anatazama kuta, chaja za simu, feni, na taa inayowaka na kuzima bila mtu.

"Hii ndiyo mikono?"

"Ndiyo hii."

"Huyu ni nani?"

Biasha anasoma kwenye kioo. "Ni Jephté."

"Jephté anaminya vile," anakubali Lukeba. "Hata kula anakula vile."

Aristide anacheka kidogo, kisha anajizuia. Lukeba anaendelea kuitazama taa.

"Rachelle ndiye amenituma," anasema. "Mimi nilikataa. Mwaka wote nilikataa. Ameniambia, wewe ndiye ulimufundisha Bienfait kushika taa, toka akiwa mutoto. Mukono wake iko kwako. Kama huyu mama anatafuta mukono, anatafuta ule."

Biasha anashika ukingo wa meza.

"Na kitu kingine nikuambie, maana sijaambia mutu," Lukeba anaendelea, kwa sauti ile ile ya chini. "Ile usiku nilikuwa kwa ekipe ingine, si mbali. Niliona taa yao inazima. Niliiona na macho yangu. Nikasema, bon, wako wanavuta wavu. Taa ikizima, watu wanavuta, ndiyo kawaida. Nikageuza uso." Anapangusa paji la uso kwa kiganja. "Wewe ulikuja kusema yako siku ya kumi. Mimi nimechukua mwaka."

Redio ya mteja mmoja ilikuwa inaunguruma pole pole. Aristide akainyamazisha.

Kisha kazi ikaanza, kwa sababu ndiyo waliyojia.

Biasha aliweka mezani kiboksi kipya. Msimbo wake, alieleza, una mistari elfu moja na mia mbili. Theluthi mbili imeandikwa na IA, theluthi moja na yeye. Umebonyezwa na mikono yote mia mbili na kumi na miwili bila mstari mwekundu hata mmoja. Lukeba alinyoosha kidole na kubonyeza haraka haraka, kama mtu anayepepesa. Taa ikapepesa. Akaendelea. Midomo yake ilikuwa inahesabu, na wote wawili walijua anahesabu hadi ngapi. Alipofika arobaini na moja akaacha. Taa ilikuwa inawaka.

Biasha alishusha pumzi. Ilikuwa mapema mno.

"Hivi ndivyo mutu anaita," alisema Lukeba. "Sasa maji yanaingia."

Akapiga goti moja sakafuni, mbele ya meza. Akakifunika kiboksi chote kwa kiganja, akakifumbata, akauegemeza uzito wa mwili wake wote pale, kichwa kimeinama, kama aliyeshika shina la mti mtoni. Hakubonyeza. Alishika tu, wala hakuachia.

Taa ukutani ikaanza kufifia. Ikapungua, ikapungua, ikawa nyekundu kama kaa, ikazima.

"Mutu anaanguka haminyi," alisema Lukeba akiwa bado chini. "Anashika."

Biasha alijua mara moja ni mistari gani. Ukikishikilia kifungo, mwanga hupungua taratibu, ili ndagala wakusanyike katikati wakati wa kuvuta wavu. Wavuvi wenyewe waliuomba mtindo huo na wanaupenda. Mwanga hushuka mpaka sifuri. Hakuna mvuvi aliyewahi kukishikilia kifungo hadi mwisho katika rekodi zake zote, kwa kuwa hakuna aliyerekodiwa akianguka.

Na mistari hiyo haikuandikwa na IA. Aliiandika Biasha, kwa mkono wake, miaka saba iliyopita, na ndiyo aliyokuwa akijivunia kuliko yote. Ndiyo pekee aliyoiandika upya kutoka kichwani, kama ilivyokuwa kwenye msimbo wa zamani, bila kubadilisha hata nukta.

"Ni yangu," alisema. "Papa Lukeba, hii ni yangu mimi. Mashini haimo."

Machozi yalimtoka, na hakuyaficha. Lukeba aliinuka kwa kushika ukingo wa meza, akapangusa vumbi kwenye goti la suruali. Uso wake haukuonyesha hasira. Ulionyesha uchovu, na kitu kingine kinachofanana na mtu aliyetua mzigo ili abadilishe bega.

"Hii mwezi hatuchukui," alisema.

"Hamuchukui," alikubali Biasha. "Hata mungetaka nisingewapa."

"Andika mukono."

Biasha akaunga kiboksi cha kurekodia. Lukeba akapiga goti tena, mara tatu. Mara ya kwanza kwa kiganja cha kulia. Mara ya pili kwa mikono yote miwili. Mara ya tatu alimwomba Aristide amvute kwa nyuma kwa nguvu, kama wimbi, na Aristide, ambaye miezi ile mitatu aliwamwagia watu ndoo za maji akipiga kelele, safari hii alimvuta kimya kimya, ameuma midomo.

"Niandike jina gani?" aliuliza Biasha. Ni swali analomuuliza kila mvuvi, na kila mvuvi hutaja lake na la pwani yake.

Lukeba alikuwa tayari anavaa viatu mlangoni. Alifunga kamba ya kushoto, akafunga ya kulia.

"Andika Bienfait," alisema. "Minago."

Akasimama, akaaga kwa shukrani. "Mwezi mukubwa ukirudi ntakuja, nishike tena. Murakoze, Mama Fahima."

Kazi iliyobaki Biasha anaijua. Anataka kiboksi kitofautishe mkono unaopunguza mwanga na mkono unaoshikilia uhai. Mwanga usishuke tena mpaka sifuri kwa kushikiliwa, na mtu akishika kupita muda fulani, taa zote ziwake kwa nguvu zote na zipepese zenyewe, hata kama mwenye kushika ameshaachia. IA itamsaidia kuandika. Atakayeamua kama imeandikwa sawa ni orodha ile.

Na orodha ameibadilisha jioni hiyo hiyo. Mkono mpya, kwa desturi, huingia mwisho. Huu wa mia mbili na kumi na tatu ameuweka juu kabisa, kabla ya Hakimu, kabla ya Jephté, kabla ya kofi la mzee. Msimbo wowote utakaopita Rumonge kuanzia sasa, wa mtu au wa mashine, utaanza kwa kushikwa na huyu, na akizimiwa taa yeye, wengine hawataulizwa.

Mwezi mkubwa unarudi baada ya siku ishirini na tisa. Biasha ameshalikata karatasi la kubandika kwenye kiboksi cha kwanza kitakachofaulu. Limeandikwa jina la ekipe ya Lukeba, na sehemu ya tarehe ameiacha wazi.